Skripti inaposhindwa: kwa nini programu hukwama ikisakinishwa au ikiondolewa

Kuweka programu mpya katika kompyuta, au kuisakinisha kama wasemavyo wataalamu, huonekana kuwa kazi ya kubonyeza kitufe na kusubiri. Hata hivyo, kunakili mafaili ni sehemu tu ya kazi hiyo. Kifurushi cha programu aghalabu huja na skripti, yaani orodha fupi za amri ambazo kompyuta huzitekeleza kabla na baada ya mafaili kuwekwa, na vivyo hivyo wakati wa kuyaondoa. Skripti ikishindwa njiani, mwenye kompyuta hubaki na programu isiyofanya kazi, na pengine isiyokubali hata kuondolewa.

Suala hili si dogo, kwani skripti hizo kwa kawaida hutekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Mnamo Novemba 2001 kampuni ya Apple ililazimika kuliondoa toleo la 2.0 la iTunes, baada ya skripti ya usakinishaji kufuta data za baadhi ya watumiaji ambao majina ya diski zao yalikuwa na nafasi tupu. Mwaka 2011 mradi wa Bumblebee, unaohusu mfumo wa Linux, ulikumbwa na mkasa kama huo. Nafasi tupu moja iliyozidi katika skripti iliigeuza amri ya kufuta saraka ndogo kuwa amri ya kufuta saraka nzima ya /usr, ambamo sehemu kubwa ya programu za Linux huhifadhiwa.

Katika visa vyote viwili skripti haikusimama, iliendelea. Kwa hiyo skripti inayosita mara inapokutana na hitilafu, hata ikimuudhi mtumiaji, ni salama kuliko ile inayosonga mbele bila kujali.

Mfano wa Debian

Debian, mfumo ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, una kanuni zilizo wazi kuhusu suala hili. Kanuni hizo zimerithiwa na Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian na kutolewa mwaka 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kisakinishi chao, dpkg, hutambua skripti nne: moja kabla ya kuweka mafaili, moja baada ya kuyaweka, moja kabla ya kuyaondoa na moja baada ya kuyaondoa. Kila skripti inapomaliza hurudisha namba. Sufuri ina maana kwamba kazi imekamilika. Namba nyingine yoyote ni ishara ya kushindwa. Kisakinishi hakijui skripti ilifanya nini ndani. Hutegemea namba hiyo tu.

Ikiwa skripti ya kabla ya kuondoa imeshindwa, dpkg husimamisha uondoaji na kujaribu kuirejesha programu katika hali yake ya awali. Wakati wa kupandisha toleo, skripti ya toleo la zamani ikishindwa, ile ya toleo jipya hupewa nafasi ya kuifanya kazi hiyo hiyo. Kwa njia hiyo mtengenezaji huweza kusahihisha kosa la zamani katika toleo linalofuata.

Lakini skripti ya baada ya kuweka mafaili ikishindwa, hakuna kurudi nyuma. Dpkg huandika kwamba kifurushi kimesanidiwa nusu, na vifurushi vinavyokitegemea hulazimika kusubiri. Mfumo wa RPM, unaotumiwa na Red Hat, hufuata njia tofauti: hutoa onyo tu, na kukihesabu kifurushi kuwa kimekwisha kusakinishwa.

Mtumiaji afanye nini?

Mtumiaji anashauriwa kusoma ujumbe wa kwanza wa hitilafu, kwani ule wa mwisho mara nyingi ni matokeo tu. Huenda diski imejaa, umeme ulikatika, au huduma fulani imekataa kuanza. Sababu ikishaondolewa, amri ya dpkg --configure -a huanza upya usanidi uliokwama.

Kwa kuwa skripti hurudiwa tangu mwanzo, kanuni za Debian zinataka iweze kutekelezwa mara ya pili bila madhara. Inayofungua akaunti, kwa mfano, yapaswa kwanza kuuliza iwapo akaunti hiyo ipo tayari.

Wapo wanaoihariri skripti ili irudishe sufuri bila kufanya lolote. Kifurushi kweli huondoka, lakini kazi iliyorukwa, kama vile kusimamisha huduma, hubaki bila kufanywa. Hatua hiyo iwe ya mwisho, na ichukuliwe na mtu aliyeisoma skripti nzima na aliyeweka nakala ya akiba ya data zake. Mtengenezaji naye asilazimishe sufuri ili kuficha hitilafu, kwani kisakinishi hakina shahidi mwingine.