NDEGE WA ULUGURU NA MAJI YA UDHU



Ukitaja utalii Morogoro, wengi wetu hukumbuka Mikumi, tembo na simba. Uluguru hakuna simba wa kupigwa picha. Lakini Mwenyezi Mungu ameweka humo viumbe wasiopatikana penginepo duniani. Mmoja ni kipwe wa Uluguru, ndege mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, akaaye juu kabisa ya miti mirefu. Wageni hutoka ng'ambo kumtafuta, wakapanda kwa miguu na kiongozi wao, na wengine hurudi wamesikia sauti yake tu!

Msitu huo huo hunasa ukungu na mvua zitokazo baharini, ukayashusha maji polepole. Ndiyo yanayoingia Mto Ruvu, wanaoutegemea watu wa Dar es Salaam, na Bwawa la Mindu, tunakopata maji ya udhu hapa mjini.

Mwaka 2008 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000. Humo hairuhusiwi kukata miti wala kulima. Ndugu zetu waishio ukingoni wana mashamba madogo, hatuwalaumu. Ila moto wa kusafisha shamba wakati wa kiangazi ukiponyoka hupanda hadi msituni. Kule Bunduki msitu ulikwisha kukatika zamani, ukawa vipande viwili. Kipwe hupatikana hasa kipande cha kaskazini. Akitoweka hapo, hakuna msitu mwingine wa kwenda kumchukua.