Wasafiri wa kazi wapita Nyundo wakiwa wamekaa

NYUNDO, Rubavu – Basi la kutoka Kigali likifika Nyundo, abiria huanza kuamka. Wengine hutafuta viatu walivyovua njiani, wengine hupiga simu kueleza kwamba wamekaribia. Nje kuna makanisa na shule za misheni, bonde la mto Sebeya na migomba kwenye miteremko. Zimebaki kama kilomita 10 kufika Gisenyi, na kwa walio wengi ndani ya basi hilo hii ndiyo mara ya kwanza kunyoosha mgongo tangu walipoondoka mji mkuu zaidi ya saa tatu zilizopita.

Si watalii wote hao. Gisenyi, mji wa mwambao wa Ziwa Kivu, ni mji wa semina. Wizara, mashirika, benki na miradi hupeleka watu wao huko kupanga bajeti, kupitisha ripoti au kupata mafunzo. Mtumishi huondoka na begi dogo na kompyuta, hukaa kwenye basi, hushuka hotelini, hukaa ukumbini siku tatu, hula chakula kingi kuliko anachokula nyumbani, kisha hukaa tena kwenye basi kurudi. Posho ameipata. Hatua alizotembea zingehesabika kwa muda mfupi.

Hapo hapo barabarani, upande wa pili wa kioo, wanaume wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia ya viazi, karoti na kabichi kutoka nyanda za juu. Kwenye mpando watatu husaidiana baiskeli moja. Kwenye mteremko, mguu hufanya kazi ya breki. Abiria aliyechoka kwa kukaa humtazama mtu aliyechoka kwa kusukuma, na ni rahisi kudhani huyu wa pili ndiye mwenye bahati ya afya.

Mambo si mepesi hivyo. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha nchini Uingereza utafiti uliowalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa siku nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikata tiketi. Ni kutokana na kazi kama hiyo dunia ilianza kuamini kwamba kukaa kuna gharama yake. Lakini utafiti mwingine, wa Copenhagen, Denmark, uliochapishwa mwaka 2021 baada ya kufuatilia watu zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba anayefanya mazoezi kwa hiari yake hunufaika, ilhali anayebeba mizigo mizito kazini kutwa nzima hapati faida hiyo. Hatari kwa moyo wake inaweza hata kuongezeka. Mwili unaochoshwa bila kupumzika haujengeki. Wa baiskeli anahitaji kupumzika, wa basi anahitaji kuinuka.

Vivyo hivyo kwa akina mama wanaovuka kwenda Goma kupitia Petite Barrière na vikapu vya mboga kichwani. Kuwaambia wao wafanye mazoezi ni kuwatania. Suala linaanza pale biashara inapokua. Mama aliyekuwa akivuka kwa miguu sasa anaagiza kwa simu, analipa kwa simu, na mara mbili kwa mwezi anapanda basi kwenda Kigali au Kampala kununua bidhaa mwenyewe. Amepiga hatua maishani na amepunguza hatua za miguu kwa wakati mmoja, na katika kanda hii ambako unene bado husomwa kama dalili ya neema, ni wachache watakaomwambia.

Safari zenyewe zimerefuka. Kutoka Kigali hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na hadi Dar es Salaam ni karibu 1,500. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2007, ulibaini kwamba kusafiri kwa kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Si ndege tu. Basi, gari dogo na treni vimo. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000, lakini hupanda kwa wajawazito, wanene kupita kiasi na wanaosafiri mara kwa mara.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imejitahidi kufuta usumbufu wa mipakani. Pale Rusumo, kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2016 kilimwondolea msafiri kazi ya kugonga muhuri upande mmoja na kwenda kupanga foleni upande wa pili. Hakuna anayeililia foleni ile. Ila ilikuwa ikiwatembeza watu.

Rwanda haijalala kuhusu mazoezi. Watumishi wa serikali hupewa muda wa michezo Ijumaa alasiri, na Kigali ina siku isiyo na magari tangu mwaka 2016, ambapo watu hukimbia, huendesha baiskeli na kupimwa bure sukari na shinikizo la damu. Mpango ni mzuri kwa aliyepo. Tatizo ni kwamba semina nyingi hufungwa Ijumaa mchana, kwa hiyo saa ya michezo humkuta msafiri wa kazi ndani ya basi, akipita Nyundo kurudi nyumbani.

Tiba yenyewe haina gharama kubwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, na imeacha sharti la zamani kwamba ni lazima ziwe angalau dakika 10 mfululizo. Kupanda ngazi kunahesabiwa. Barabara ya ufukweni Gisenyi ina miti na hewa ya ziwa, na ndipo inapoanzia njia ya Congo Nile yenye kilomita 227 hadi Rusizi. Mwandaaji wa semina anayeanza saa tatu asubuhi angeweza kuwatembeza wageni wake saa kumi na mbili na nusu bila kuongeza faranga kwenye bajeti.

Ndani ya basi ni kugumu zaidi. Wengi hawanywi maji kwa kuogopa kukosa choo njiani, hasa wanawake, na kukauka mwili huzidisha tatizo lile lile la damu. Kukunja na kukunjua vifundo vya miguu kunawezekana hata kwenye kiti cha katikati. Kusimama kwa dakika tano kwenye kituo kimoja cha njiani kunategemea kampuni ya basi na ratiba yake.

Na kunamtegemea dereva. Yeye hakai semina. Akishusha abiria Gisenyi hupewa muda mfupi, basi hujazwa tena, na jioni hiyo hiyo hupandisha Nyundo kurudi Kigali, akiwa kwenye kiti kile kile.