Rilaj Mam Si Mchezo wa Watalii

Ratiba ya mtalii nchini Guatemala ni ileile. Katika mji mkuu huingia Jumba la Makumbusho la Ixchel kutazama mavazi ya Wamaya yaliyowekwa nyuma ya vioo, kisha huvuka Ziwa Atitlán kwa boti hadi Santiago Atitlán, mji mdogo wa Watz'utujil chini ya volkano, na huko huongozwa kwa malipo hadi nyumba anamokaa Maximón. Hukuta sanamu ya mbao yenye kofia kichwani na sigara mdomoni, imevishwa mitandio tabaka juu ya tabaka, na mhudumu akiinywesha pombe. Hulipia picha, akaondoka akiamini kwamba ameonyeshwa mchezo wa kuchumia wageni.

Hukumu hiyo ni dhuluma. Wenyeji humwita Maximón Rilaj Mam, Babu Mkongwe, na anayetaka kumwelewa asiitazame sigara, aitazame nyumba. Kila mwaka Babu huhamia kwa mwanachama mwingine wa kofradia, udugu wa kidini wa mji huo, na nyumba inayompokea hubeba mzigo wa mwaka mzima: mishumaa, ubani wa kopali, pombe, waombaji wanaobisha hodi kila siku, chumba kilichoachwa kwa ajili yake. Anayedai kwamba ada ya picha imeigeuza ibada kuwa biashara, na aulize kwanza gharama hizo hulipwa na nani. Wapo Wakristo wa hapohapo mjini wanaouona ulevi na tumbako kuwa upotofu. Hiyo ni hoja ya imani, nao wana haki nayo, ila wasiseme ni mzaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mapadri walipambana na Babu, na barakoa yake mojawapo ikachukuliwa, ikaishia katika makumbusho ya Paris hadi iliporudishwa mwaka 1979. Miaka yote hiyo ibada haikukoma.

Kama ibada hiyo, ngoma na maandamano ya sikukuu za mji huu yatajitunza. Kinachotia uchungu ni tocoyal, utepe mwekundu mrefu ambao wanawake huuzungusha kichwani, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka uwe duara pana lenye ukingo uliotariziwa. Uso wa mwanamke wa mji huu aliyeufunga umo kwenye sarafu ya senti 25 ya Guatemala, lakini vijana wengi wameuachia wazee na siku za sherehe. Makumbusho yatautunza utepe wenyewe. Ufundi wa kuufunga utabaki tu ikiwa bibi atampata mjukuu aliye tayari kukaa mbele yake akafundishwa.