Picha za nyota Kyimo: simu inatosha, shida ni umande

Masomo mengi ya kupiga picha za nyota yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na mengi huanza na agizo moja: itafute Nyota ya Kaskazini, uielekeze mashine yako huko. Ukiwa Kyimo, wilayani Rungwe, utaitafuta mpaka kukuche. Kyimo iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo hubaki chini ya upeo wa macho mwaka mzima.

Agizo lenyewe lina sababu. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kamera ikiachwa wazi muda mrefu, nyota hutoka vistari badala ya nukta. Dawa yake ni kifuatilia nyota, kijimashine kinachoingia mkobani na kuigeuza kamera polepole ili iende sambamba na anga. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga. Kwetu hiyo ni ncha ya kusini, isiyo na nyota angavu ya kuionyesha, nayo kwa Kyimo iko chini mno: nyosha mkono na ukunje ngumi juu ya upeo, hapo ndipo ilipo, kwenye migomba na ukungu. Kwa anayeanza, fedha za mashine hiyo bora zikae mfukoni kwanza.

Simu yenye mpangilio wa Pro na stendi ya miguu mitatu vinatosha. Wapiga picha wana kanuni yao: gawa 500 kwa urefu wa fokasi ya lenzi, upate sekunde za kuiacha kamera wazi. Kamera kuu ya simu nyingi hulingana na lenzi ya milimita 25 hivi, basi ni sekunde 20. Ukikuza picha ukaona nyota zimerefuka, shuka hadi 10. Weka ISO kati ya 1600 na 3200, fokasi iwe ya mbali kabisa, na utumie kichelewesho cha sekunde 3 ili mguso wa kidole usiitikise simu.

Picha moja itakuwa na chengachenga. Piga 16 mfululizo, kisha uziunganishe kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama Siril au DeepSkyStacker. Nyota zipo kwenye kila picha, lakini chenga hubadilika ovyo. Wastani wa picha 16 huzipunguza hadi robo. Kazi ya lenzi ya bei kubwa hapa inafanywa na hesabu.

Kinachowashinda watu Rungwe ni maji. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda milima na kugeuka mvua, ndiyo maana chai na ndizi zinastawi. Kuanzia Novemba hadi Mei usijisumbue sana. Subiri Juni hadi Agosti, usiku usio na mwezi, mbali na taa za maduka ya barabarani. Katikati ya Agosti, saa tatu usiku, kitovu cha Njia ya Maziwa kiko juu sana, karibu na utosi.

Miezi hiyo ina baridi, na kioo kinachotazama anga tupu hupoteza joto hadi kuwa baridi kuliko hewa. Umande hukaa juu yake kama ukaavyo kwenye majani ya chai alfajiri. Inua stendi juu ya nyasi, ifunike simu kati ya picha na picha, futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, na uwe na pawabenki, maana betri huchoka upesi kwenye baridi.

Macho nayo yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, muda ambao seli za retina hujijazia upya rodopsini, kemikali inayotokana na vitamini A. Mwanga mweupe wa simu huirudisha kazi hiyo nyuma. Punguza mwanga wa kioo, tumia tochi nyekundu. Mwenzako akijikwaa kila jioni wakati wengine wanaona njia, hilo si la nyota tena. Upofu wa usiku ni dalili mojawapo ya upungufu wa vitamini A, aende kituo cha afya.

Jua lina masharti makali zaidi. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walifurika Rujewa, Mbarali, kutazama kupatwa kwa jua kipete. Kupatwa kwa aina hiyo kutapita tena Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Retina haina neva za maumivu, hivyo huungua bila mtu kuhisi. Miwani ya kawaida ya jua haifai, na kichujio maalumu cha jua hukaa mbele ya lenzi, si nyuma yake.