Umri wa Majivu ya Olduvai

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanganyika, Mary Leakey alipoliona fuvu lililofukiwa katika mashapo ya kale, ambalo mumewe Louis alilipa jina la Zinjanthropus, swali lililowakabili wataalamu halikuwa tu kiumbe yule ni nani, bali aliishi zama zipi. Na Louis alikadiria kuwa ni miaka laki sita hivi. Jawabu lilipatikana mbali na bonde lile, katika maabara ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kwa juhudi za Jack Evernden na Garniss Curtis, waliopima si mfupa wenyewe, bali majivu ya volkano yaliyolala pamoja nao.

Majivu hayo, yaliyorushwa na volkano za nyanda za Ngorongoro, yana fuwele ndogo za feldspa zenye potasiamu, na katika kila atomi elfu kumi za potasiamu moja hivi haitulii: hugeuka polepole mno, aghalabu ikawa kalsiamu, na mara moja katika kumi ikawa agoni, gesi isiyoungana na kitu. Jiwe lingali limeyeyuka, agoni hutoroka. Likisha kuganda, hufungika ndani ya fuwele. Basi apimaye agoni iliyokusanyika na potasiamu iliyosalia hupata kwa hisabu muda uliopita tangu mlipuko.

Kusema ni rahisi, walakini kazi yenyewe ina taabu, na kwa rai yangu mikono inayotayarisha yastahili heshima kuliko mitambo. Jiwe hupondwa, likachekechwa, likaoshwa. Punje zikatiwa katika majimaji mazito ambamo feldspa huelea na madini mengine huzama. Kisha mtaalamu huinamia hadubini, akazichambua moja moja kama achaguaye mchele kwenye ungo, akitupa kila yenye ukungu au iliyochakaa. Hadhari kubwa ni punje za kale zaidi, zilizozolewa na mlipuko au na maji kutoka miamba mingine, kwani chache tu zikipenya, hisabu yote hufisidika. Ndipo sampuli huchomwa ndani ya chombo kisicho na hewa hata ikayeyuka, na gesi yake ikapelekwa kwenye mtambo unaotenga atomi kwa uzito wake kwa nguvu za sumaku. Nayo hewa tuivutayo ina agoni, karibu asilimia moja, hivyo sharti iondolewe katika hisabu. Hutambulikana kwa agoni nyepesi ya uzito wa 36, isiyozaliwa na potasiamu.

Mwaka 1961 ikatangazwa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya kadirio la Leakey. Wengine walisita, na walikuwa na hoja: mwaka huo huo basalti iliyo chini ya majivu yale ilipimwa ikaonekana ya miaka milioni 1.3, nalo la chini haliwezi kuwa changa kuliko la juu; ila basalti iliyochakaa hupoteza agoni yake. Mwaka 1965 ikatumika njia nyingine kabisa, ya kuhesabu kwa hadubini makovu yaliyoachwa na urani inapopasuka ndani ya kioo cha volkano, nayo ikatoa miaka milioni 2 hivi, kwa shaka ya laki tatu juu au chini, kadiri ambayo milioni 1.75 imo ndani yake.