Dhamana ya Mkandarasi si Bima

Mfasiri wa nyaraka za ujenzi hukutana na neno la Kiingereza ambalo katika masoko ya fedha tumelizoea kuwa ni hatifungani, yaani hati ya mkopo wenye riba. Mkandarasi anapotakiwa kuwa na hati yenye jina hilo hilo ili apewe leseni, hapana mkopo wala riba. Kilichopo ni ahadi ya mtu wa tatu.

Tuchukue mfano wa jimbo la California, Marekani. Huko kila mkandarasi mwenye leseni inayotumika sharti awe na dhamana ya dola 25,000. Kabla ya Januari 1, 2023 ilikuwa dola 15,000. Mkandarasi huilipa kampuni ada, nayo kampuni huahidi kuwafidia watu wanaopata hasara kwa yeye kuvunja sheria ya leseni, kama vile mwenye nyumba aliyeachiwa kazi mbovu au kibarua aliyenyimwa ujira. Fedha hizo si za kila mdai peke yake, bali ni za wadai wote kwa jumla. Tena, ukiwatoa wenye nyumba waliokuwa wakitengenezewa makazi yao, wadai wengine wote kwa pamoja hawapati zaidi ya dola 7,500.

Jambo ambalo wafasiri wengi hulipita ni hili: kampuni ikisha kulipa, humgeukia mkandarasi na kumdai fedha zake zote. Katika bima sivyo. Aliyekata bima hatakiwi kurudisha fidia. Kwa hiyo anayeandika "bima ya mkandarasi" humfanya mkandarasi adhani kwamba ada yake imemwondolea deni, na hilo ni kosa la maana, si la mtindo tu.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo inatambua udhamini wa watu watatu, na humpa aliyelipa haki ya kumdai aliyemdhamini. Twapendekeza basi: hati yenyewe iitwe hati ya udhamini, kampuni, mdhamini, mkandarasi, mdhaminiwa, anayelindwa, mnufaika, na malipo ya mkandarasi yaitwe ada ya udhamini. Neno dhamana peke yake litumike kwa hadhari, kwani msomaji aliyezoea habari za mahakama atafikiri juu ya mshtakiwa aliyeachiwa kwa muda. Rehani lisitumike kabisa, maana hapa hapana mali iliyowekwa.