Pampu Haikai Sakafuni

Muhula uliopita nilipoteza samaki wanne usiku mmoja. Wenzangu chumbani walicheka: "Si ungewakaanga tu!" Mimi nililia kimyakimya. Usione aibu, kiumbe uliyemlisha kila asubuhi akifa, lazima iume.

Ila ukishalia, tafuta sababu. Mimi pampu ya hewa niliiweka sakafuni, kando ya ekstensheni. Umeme ulipokatika, pampu ikaacha kusukuma hewa, maji yakarudi kupitia kwenye mpira hadi chini, tangi likabaki karibu tupu. Umeme ungerudi huku nimekanyaga yale maji peku, pengine msingesoma makala hii.

Kwa hiyo, weka pampu juu ya usawa wa maji, au funga kwenye mpira valvu ya njia moja. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili matone yadondokee chini, yasiingie kwenye plagi. Ekstensheni isikae chini ya tangi. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa vyote, hita ikiwemo. Ikiwaka nje ya maji inaweza kupasuka.

Nimeanza upya na samaki wawili. Pampu iko juu ya kabati.